Tramu ya St. Charles: Reli Kongwe ya New Orleans

Njia ya tramu ya St. Charles, katika jiji la New Orleans kusini mwa Marekani, imebeba abiria tangu mwaka 1835. Miongoni mwa reli za mijini ambazo bado zinafanya kazi duniani, hakuna iliyoitangulia. Huanzia Canal Street, barabara kuu ya biashara, hufuata mkunjo wa mto Mississippi kwa kilomita 10 na nusu hivi, na kuishia kwenye makutano ya Carrollton Avenue na Claiborne Avenue. Anayeipanda tangu mwanzo hadi mwisho hupita katika karibu miaka 200 ya historia ya jiji: mashamba ya miwa na utumwa, vita, ubaguzi wa rangi, migomo na mafuriko, pamoja na jitihada za wakazi za kulinda kilicho chao.

Umbo la ardhi ndilo lililoamua reli ipite wapi. Kila mara Mississippi ulipofurika, tope zito lilituama karibu na kingo, na maji yakaenda na udongo mwepesi mbali zaidi. Kwa karne nyingi tope hilo lilijenga mgongo wa ardhi ulioinuka mita chache kando ya mto, na nyuma yake yakabaki mabwawa na vinamasi. Wafaransa walipouanzisha mji mwaka 1718 walijenga juu ya mgongo huo, na wenye mashamba waliokuja baadaye wakafanya vivyo hivyo. Mashamba yao yalikuwa vipande virefu na vyembamba, mto ukiwa mbele na kinamasi nyuma. Waliolima na kukata miwa humo walikuwa watumwa.

Mwaka 1833 Jimbo la Louisiana liliidhinisha kampuni ya reli iliyokuja kujulikana kama New Orleans and Carrollton Railroad. Nia ya waanzilishi ilikuwa biashara ya ardhi. Shamba la familia ya Macarty, lililokuwa mbali na mji upande wa juu wa mto, lilikuwa limenunuliwa ili likatwe viwanja, na hapo ukapimwa mji mdogo wa Carrollton. Viwanja vilihitaji wanunuzi, nao wanunuzi walihitaji usafiri wa kwenda mjini na kurudi. Reli ilifunguliwa mwaka 1835, miaka mitatu tu baada ya mabehewa ya kwanza ya kukokotwa na farasi kuanza kupita katika barabara za New York. Kadiri treni zilivyozoeleka, mashamba ya katikati nayo yaligawanywa moja baada ya jingine, na vitongoji vikachipuka kando ya reli. Carrollton wenyewe uliingizwa rasmi katika jiji la New Orleans mwaka 1874.

Treni za mwanzo ziliendeshwa kwa mvuke. Moshi, cheche na kelele ziliwakera wakazi, hivyo katika sehemu zenye nyumba nyingi kampuni ilitumia wanyama. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyomalizika mwaka 1865, injini za mvuke ziliachwa na kazi ikabaki kwa mabaghala, yaani nyumbu wa kufugwa, ambao huvumilia joto la Louisiana kuliko farasi. Wanyama walikuwa na gharama zao: walikula hata siku ambazo hawakufanya kazi, waliugua, na hawakuweza kukokota mzigo mzito kwa saa nyingi mfululizo.

Kwa sababu hiyo njia hii iligeuka kuwa uwanja wa majaribio. P. G. T. Beauregard, aliyekuwa jenerali wa majimbo ya kusini katika vita hivyo, alisimamia kampuni kwa miaka kadhaa baada ya vita na kujaribu kuvuta mabehewa kwa kamba ya chuma. Daktari wa meno wa New Orleans, Emile Lamm, alibuni injini iliyotumia gesi ya amonia, kisha nyingine isiyokuwa na tanuru: tangi lake lilijazwa maji ya moto sana yenye shinikizo kituoni, na mvuke wake ukaliendesha behewa hadi mwisho wa safari. Majaribio haya yalionyesha wazi jambo lililotafutwa, nalo ni nguvu isiyotoa moshi wala kuhitaji kulishwa. Mwaka 1888 Frank Sprague alithibitisha katika jiji la Richmond, Virginia, kwamba umeme unaweza kuendesha mtandao mzima wa tramu. New Orleans haikuchelewa sana. Tarehe 1 Februari 1893 tramu za umeme zilianza kazi katika njia ya St. Charles.

Mfumo wa wakati huo ndio unaotumika hadi leo. Juu ya paa la behewa kuna mlingoti mrefu unaosukumwa na springi ili ncha yake igandamane na waya wa juu. Umeme wa moja kwa moja wa takriban volti 600 hushuka kupitia mlingoti huo hadi kwenye mota zilizo karibu na ekseli, kisha hurudi kwenye chanzo chake kupitia reli zenyewe. Dereva husimamia mwendo kwa mkono wa chuma unaozungushwa hatua kwa hatua, na husimamisha behewa kwa breki za upepo. Kwa kuwa behewa lina vifaa vya kuendeshea pande zote mbili, halihitaji kugeuzwa linapofika mwisho wa njia.

Safari huanzia Canal Street, pembezoni mwa mtaa wa kale wa Wafaransa. Behewa linalosimama hapo limepakwa kijani kilichokolea, na limetengenezwa na kiwanda cha Perley A. Thomas cha High Point, North Carolina, katika miaka ya 1923 na 1924. Mabehewa 35 ya aina hiyo bado yapo kazini. Kiwanda hicho baadaye kiliacha tramu na kugeukia mabasi ya shule, na jina la Thomas limo katika biashara hiyo hadi leo. Ndani mna viti 52 vya mbao ya mkangazi. Hakuna kiyoyozi; abiria hupandisha dirisha na upepo wa mwendo ukaingia. Kwa miaka mingi nauli imekuwa dola 1.25, na wanaolipa ni watu wa kila aina: wahudumu wa hoteli, wapishi, wanafunzi, wazee wanaotoka kliniki, na watalii.

Migongo ya viti ina sehemu kubwa katika historia ya njia hii. Kwa zaidi ya nusu karne ilitobolewa na kuwekewa vibao vilivyotenga watu kwa rangi ya ngozi. Mapambano ya haki ya kukaa yalianza mapema zaidi. Katika miaka ya 1860 kampuni za tramu za jiji zilikuwa na mabehewa machache ya watu weusi, yaliyochorwa nyota. Mengine yote yalikuwa ya weupe peke yao, na mtu mweusi aliyechelewa kazini alilazimika kuyaacha yampite huku yana nafasi. Gazeti la New Orleans Tribune, lililomilikiwa na watu weusi, liliupinga utaratibu huo kwa nguvu. Mwishoni mwa Aprili 1867 mwanamume mweusi aitwaye William Nicholls alipanda behewa la weupe na kukataa kushuka hadi alipotolewa kwa nguvu. Siku zilizofuata wengine wengi walifanya kama yeye, na makundi yakakusanyika barabarani. Kampuni ziliomba jeshi lililokuwa likisimamia jiji baada ya vita liziunge mkono, lakini jeshi halikukubali. Mapema Mei mabehewa yote yakafunguliwa kwa watu wote.

Ushindi huo ulidumu miaka 35. Mwaka 1902 bunge la Louisiana lilipitisha sheria ya kutenganisha abiria ndani ya tramu. Watu weusi wa New Orleans waligoma kuzipanda, lakini sheria haikuondolewa. Mwishowe utengano ulifanywa kwa kibao cha mbao chenye maandishi, kilichochomekwa juu ya mgongo wa kiti: wanaokaa nyuma yake walikuwa weusi, na mbele yake weupe. Kibao kiliweza kusogezwa, hivyo mwenye ngozi nyeupe aliyekosa kiti alikisogeza nyuma na weusi wakainuka. Novemba 1955 mpiga picha Robert Frank alipiga picha ya tramu ikipita Canal Street, nyuso za weupe zikiwa katika madirisha ya mbele na za weusi nyuma. Picha hiyo iliwekwa kwenye jalada la kitabu chake cha The Americans. Baadaye wakazi walitafuta utatuzi mahakamani. Mchungaji Abraham Lincoln Davis na wenzake, wakisaidiwa na mwanasheria A. P. Tureaud, walishinda kesi yao dhidi ya jiji, na tarehe 31 Mei 1958 vibao viliondolewa katika tramu na mabasi. Viti vya mbao wanavyokalia abiria wa leo ni vile vile vilivyobeba vibao hivyo.

Canal Street ilishuhudia pia mgogoro wa wafanyakazi. Julai 1929 madereva na makondakta wa tramu waligoma wakitetea chama chao. Kampuni ilileta watu kutoka nje waendeshe mabehewa, wananchi wakakataa kupanda, na tramu moja ilichomwa moto. Ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, waliokuwa wamefanya kazi ya tramu kabla ya kufungua mgahawa, walitangaza kwamba watawalisha wagomaji bure. Chakula walichogawa ni mkate mrefu uliojazwa nyama au viazi, na masimulizi ya jiji yanauhesabu kuwa chanzo cha po'boy, mlo unaouzwa leo karibu katika kila mtaa wa New Orleans. Mgomo ulishindwa, lakini ukarimu wa ndugu hao haujasahaulika.

Likiondoka Canal Street, behewa huingia St. Charles katikati ya majengo ya ofisi na kupita mbele ya Gallier Hall, jengo lenye nguzo za Kigiriki lililofunguliwa mwaka 1853 na kutumika kwa zaidi ya karne moja kama makao ya serikali ya jiji. Mabehewa yanayorudi mjini hutumia barabara jirani ya Carondelet. Njia hizo mbili hukutana kwenye mzunguko uliojulikana zamani kama Tivoli Circle. Mwaka 1884 palisimamishwa hapo sanamu ya Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la majimbo yaliyopigania kuendeleza utumwa, juu ya nguzo ndefu, na mahali pakaitwa kwa jina lake. Baada ya mjadala mkali sanamu iliondolewa Mei 2017, na mwaka 2022 mzunguko ukapewa jina la Harmony Circle. Nguzo imebaki bila sanamu.

Baada ya mzunguko huo reli huacha lami na kupita juu ya ukanda mpana wa nyasi katikati ya barabara. Sehemu hii ndiyo inayoifanya St. Charles itofautiane na njia nyingine nyingi za mijini. Tramu haigombanii nafasi na magari isipokuwa kwenye njia panda, na juu yake matawi ya mialoni mikubwa yamekutana. Mitaa ya kwanza inayokatiza hapa ina majina ya miungu tisa wa sanaa wa Wagiriki, kama vile Clio, Thalia na Urania, majina yaliyotolewa na mpimaji Barthélemy Lafon mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha hufuata Garden District, mtaa uliopimwa juu ya lililokuwa shamba la Livaudais. Matajiri wa pamba na sukari wa karne ya 19 walijenga hapa nyumba kubwa zenye bustani na veranda pana. Mali iliyozijenga ilitoka katika kazi ya watumwa, na maelezo ya uzuri wake hayakamiliki bila kulitaja hilo.

Mbele kidogo ni Napoleon Avenue. Eneo hili huwa na msongamano mkubwa majira ya Mardi Gras, sikukuu za kabla ya Kwaresima, kwa kuwa maandamano mengi huanzia karibu na hapo na kuteremka St. Charles kuelekea mjini. Tramu husimama kwa saa nyingi ili kuyapisha, na familia huketi juu ya ukanda wa nyasi. Shanga zinazorushwa kutoka kwenye magari yaliyopambwa hunasa katika miti, na nyingine huonekana matawini hata miezi mingi baadaye.

Vyuo vikuu vya Loyola na Tulane viko bega kwa bega upande mmoja wa barabara, na upande wa pili, ule wa mto, ni bustani ya Audubon. Hapo palikuwa shamba la Étienne de Boré, ambako mnamo 1795 sukari ya Louisiana iligandishwa chenga kwa kiwango cha kuleta faida kwa mara ya kwanza. Ufanisi huo uliwavuta wenye mashamba kupanda miwa kwa wingi, na idadi ya watumwa waliopelekwa katika eneo hilo ikaongezeka sana. Mwaka 1884 uwanja huo huo ulipokea maonyesho ya dunia ya pamba, kisha ukageuzwa kuwa bustani ya umma.

Baada ya bustani, tramu hufika mahali mto unapokunja kona. Tuta la kuzuia maji huonekana karibu sana, na behewa hukata kuingia Carrollton Avenue, katika ule mji mdogo uliokuwa sababu ya reli kujengwa. Karibu na Willow Street kuna karakana ya Carrollton, mahali mabehewa yanapolazwa na kutunzwa. Vipuri vya mashine za mwaka 1923 haviuzwi dukani. Mafundi hapa huchonga mbao, hufua chuma na kusuka upya nyaya za mota kwa mikono. Ujuzi huo ni hazina sawa na mabehewa yenyewe, kwa maana bila mafundi hao yasingetembea.

Karakana hii ilikaribia kukosa kazi. Katikati ya karne ya 20 majiji mengi ya Marekani yaling'oa reli na kununua mabasi, na New Orleans ilifuata mkondo huo. Njia ya Desire, iliyompa Tennessee Williams jina la mchezo wake wa mwaka 1947, ilifungwa mwaka uliofuata. Tarehe 31 Mei 1964 njia ya Canal nayo ilifungwa, licha ya wakazi kupinga, na mabehewa yake mengi yakavunjwa au kutolewa kwa majumba ya makumbusho. Yale 35 yaliachwa kwa ajili ya St. Charles, njia pekee iliyobaki. Mwaka 1973 njia hiyo iliorodheshwa katika rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na mwaka 2014 ikapandishwa hadhi kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Jiji nalo lilianza kurudisha lilichokuwa limekitupa: njia mpya kando ya mto ilifunguliwa mwaka 1988, na Canal ikapata tena tramu mwaka 2004, safari hii mabehewa mekundu yaliyoundwa katika karakana za jiji lenyewe.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kuta za kuzuia maji zikavunjika, na takriban asilimia 80 ya jiji ikafunikwa na mafuriko. Mabehewa mekundu ya Canal, yaliyohifadhiwa katika eneo la chini, yalizama. Mabehewa ya kijani yalikuwa katika karakana ya Carrollton, juu ya mgongo ule ule wa ardhi uliojengwa na tope la mto, nayo yakasalimika. Lakini njia yao iliharibika, kwa kuwa miti ilianguka na kukata nyaya na nguzo. Hivyo Desemba 2005 mabehewa ya kijani yaliyokuwa hayana nyaya yalihamishiwa Canal, ambako njia ilikuwa tayari na mabehewa hayapo. Huduma ya St. Charles ilirudishwa kwa vipande: Desemba 2006 hadi kwenye mzunguko, Novemba 2007 hadi Napoleon Avenue, mwezi uliofuata hadi kwenye kona ya mto, na Juni 2008 hadi mwisho wa njia.

Mwisho huo ni Claiborne Avenue. Abiria hushuka, dereva hushusha mlingoti wa upande mmoja na kuinua wa upande wa pili, kisha hupita katikati ya behewa akigeuza migongo ya viti ili ielekee mjini. Baada ya dakika chache safari ya kurudi huanza.

Njia ya St. Charles imedumu kwa sababu zinazoeleweka. Ilijengwa mahali ambapo maji hayafiki kwa urahisi. Ilipewa ukanda wake yenyewe, hivyo msongamano wa magari haukuiua. Ina mafundi wanaoweza kutengeneza kila kipuri chake. Zaidi ya hayo, haikugeuzwa pambo la watalii: watu wa jiji wanaipanda kwenda kazini na shuleni, na kwa vizazi kadhaa wamekuwa tayari kuipigania, iwe ni haki ya kuketi popote ndani yake au haki ya kuwa nayo. Jiji lolote linalotaka usafiri wa umma utakaowafaa wajukuu wa abiria wa leo lina mengi ya kujifunza hapa, na la kwanza ni kwamba reli hulindwa na wale wanaoitumia kila siku.